Goti la Kukunja, Goti la Kudumu

Jumatatu, 6 Machi 1978
Hospitali ya misheni, kitanda cha dirishani. Daktari mgeni wa mifupa kaja na magoti mawili ya chuma ndani ya kitambaa — kama muuza vijiko! La kwanza lina bawaba. Linakunjika vizuri, ila huenda likalegea baada ya miaka minne, mitano. La pili ni vipande viwili, chuma na plastiki, havikufungwa pamoja. Hilo labda litadumu miaka kumi na mitano. Lakini kupiga magoti basi. Kuchuchumaa basi. Nichague mwenyewe, kufikia Ijumaa, lipi liwekwe badala ya goti langu bovu.

Nikauliza: na chooni je? Muuguzi Dorkas alipomtafsiria, daktari uso ukamwiva. Kwao wanakaa kitini! Hakuwa amelifikiria.

Jumanne, 7 Machi
Mume wangu Mathayo kafika na basi kutoka Ulemo. Salamu nusunusu, kauliza lipi linadumu. La choo kalimaliza papo hapo: atanichongea kiti chenye tundu. Seremala huyo! Anataka mke wa kudumu miaka kumi na mitano, si minne.

Mimi? Nilikuwa nawaza jiwe la kusagia.

Jumatano, 8 Machi
Najua, mashine ya kusaga ya kijiji inamaliza debe kabla hamjamaliza salamu. Lakini zamani, kabla serikali haijatuhamishia kijijini! Mimi na mdogo wangu Anastazia tumepiga magoti, uwele unanukia, tunapokezana wimbo. Mathayo aliisikia sauti yangu kabla hajaniona uso. Alikuwa anapita na msumeno begani, akasimama mpaka unga ukaisha. Magoti yale hayakuuma hata kidogo. Jamani, nayakumbuka mno.

Alhamisi, 9 Machi
Anastazia kaja na uji. Nikamwambia nachukua la bawaba, tusage tena sote, hata miaka minne tu. Kacheka: "Utasagia wapi, dada, kichwani kwa Mathayo?" Kisha kaungama. Jiwe tuliloliacha kwenye nyumba ya zamani halipo. Liliwekwa kwenye msingi wa shule mwaka juzi, wakaogopa kuniambia.

Shule ni nzuri, wajukuu wanasoma. Nililia tu.

Ijumaa, 10 Machi
Fomu imekuja, Kiingereza kitupu. Jiwe hakuna, mashine ipo. Mwenye akili anachagua la kudumu. Mathayo yuko pembeni, ananikanda mguu. Daktari anangoja.

Nimemwomba Dorkas anisomee tena pale pa bawaba, panaposema nitaweza kupiga magoti. Mathayo ameacha kunikanda.