Makala ya Mti wa Kanisa

Nakivale, Rubondo
14 Septemba 2025

Mpendwa binamu Mariette,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako Kakiika. Magoti yanaendeleaje? Yangu bado yananibeba, ingawa tumbo linazidi kuwa mzigo.

Kwa heshima kubwa nakutangazia kwamba jogoo wetu amehama. Analala kwa jirani, bila kuaga, bila barua ya kanisa.

Sasa nikuambie: nimekasirika. Ulikuja siku moja, ukaona kisiki mbele ya kanisa, ukamwambia mchungaji kwamba watu wa kambi ya wakimbizi hatujui thamani ya miti. Wewe! Maharage yako yanachemka juu ya nini, kama si makala tunayochoma huku na kuwajazia kwenye magunia? Huko mjini mti ni wa kupigia picha. Huku ni kivuli, ni kuni, na ule ndio uliobeba kengele yetu.

Baraza la wazee likatafuta mkosaji. Likampata mama Kantengwa, mjane, kwa kuwa alionekana amebeba matawi. Matawi ya chini! Tangu tufike hapa, kilichoanguka ni cha mjane. Akatolewa kwenye meza ya Bwana miezi mitatu. Aliuliza neno moja tu: "Bazee, shoka yangu muliionea fasi gani?"

Na mimi ni mzee wa baraza. Nilinyoosha mkono pamoja nao atolewe.

Basi ilikuwa hivi. Mwezi wa tano uliniandikia kwenye simu: "Binamu, sherehe ya makanisa yetu imekaribia. Niandalie makala ya mti wa kanisa." Nilishangaa, lakini msomi wetu ni wewe, na sherehe ni kupika. Nikaukata alfajiri, nikauchoma, nikakutumia magunia mawili. Ukashukuru kwa zawadi, kisha ukauliza, "Na ile makala?" Nikadhani unataka gunia la tatu. Mwalimu Ushindi ndiye aliyenifungua macho: kwenu siku hizi makala ni maandishi ya kuchapwa. Kwetu, tangu Uvira tulikotoka, makala ni makaa ya kuwasha moto.

Nilijua hayo kabla ya kikao, nikanyamaza. Aibu ilinishinda.

Jumapili iliyopita nilisimama nikasema shoka lilikuwa langu. Mama Kantengwa amerudi mezani. Mimi niko benchi la nyuma. Alipita akaniinamia: "Muzee Gasore, siku bakikuomba kitabu ya nyimbo, utakata nini?"

Nisalimie shemeji Nehemiya na Eliane. Mungu awatunze, na sufuria yenu isipoe.

Ni mimi binamu yako, nakupenda hata nikiwa na hasira,
Gasore

Hii ndiyo makala uliyoomba. Ichapeni.