Mama Theodosia, Uliyeyapigania Magoti Yako

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, na hapa nyumbani Muyama bado tunakutaja huku tukicheka.

Ulilima maharage, ukayauza Kasulu, na kwaya uliimba kwa sauti kubwa mpaka mwalimu akakusogeza mstari wa nyuma. Hukujali. Huko nyuma ndiko ulikozidisha.

Kisha ukaacha kupiga magoti. Kwetu Uha mkamwana humsalimu mama mkwe kwa kushuka chini na kupiga makofi taratibu, nawe ukaanza kumsalimu Bibi Akimana umesimama wima kama askari. Bibi akanuna. "Tangu auze maharage mjini, mkamwana wangu ameota mapembe!" Nawe kwa aibu hukusema kwamba kitako kinakuuma, hata kukaa au kushuka chini huwezi.

Daktari mmoja wa kike mjini Kigoma ndiye aliyekupima kwa kidole njia ya haja kubwa, akaugusa uvimbe. Picha za vipimo ulizopigwa Dar es Salaam zikaonyesha ni uvimbe wa nadra, umeota kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo. Dawa zisingeumaliza. Ilibidi utolewe pamoja na kipande cha mfupa, na mishipa ya fahamu ikiguswa vibaya, usingetembea tena. Baba alilia. Wewe ukasema, "Daktari, toa chote, ila magoti uniachie. Nina mtu wa kumsalimu."

Upasuaji ulichukua siku nzima. Ulipozinduka ukachezesha vidole vya miguu, Baba akamkumbatia nesi asiyemjua. Mkojo ndio uliogoma, nawe ukarudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko wake. Mfuko ukaushonea kitenge cha kufanana na gauni, na kanisani wanawake wakauliza unauzwa wapi!

Ulipokwenda kumsalimu Bibi, alikwishaambiwa yote. "Usishuke, mwanangu, nakuomba." Ukashuka, umeshika fimbo. Bibi naye akashuka, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Mkashindwa kunyanyuka wote wawili, mkabaki chini mnacheka mpaka tulipokuja kuwainua.

Uvimbe haukurudi. Ulicheza kwenye harusi yangu, ukawapakata wajukuu. Mwishowe ni moyo uliochoka, na tulikulilia sana.

Unakumbukwa na mumeo Pasikali, wanao Nadine na Reverien, wajukuu, na Bibi Akimana. Majirani wakimwuliza Bibi kama Baba ataoa tena, huwajibu, "Mkamwana ninaye. Ametangulia tu."

Tutakukumbuka siku zote, Mama.