Ngiri ya Baba na Mwana wa Maka

Vava'u, 3 Machi

Kwa binti yangu Seini,

Salamu nyingi huko Auckland. Mama yako hajambo, viazi vikuu vimekomaa. Mimi ngiri hii ya kinena imenishinda. Jumapili niliinuka kuimba kanisani, ikachomoza, nikakaa. Sasa hospitali wanataka wanipasue nikiwa macho! Eti pumu yangu haipatani na nusukaputi. Na mpasuaji ni nani? Kalafi, mwana wa yule Maka aliyesogeza mpaka wa shamba letu. Mwenye nia njema hukulaza usingizi. Anayekuacha macho anataka kukuona ukilia. Sitaki.

Baba yako,
Siosaia

Auckland, 9 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya uuguzi inaendelea. Baba, sindano hupigwa karibu na mfupa wa nyonga, ikatia ganzi mishipa ya fahamu ya kinena. Utahisi kuvutwavutwa tu. Ukichelewa, utumbo utanyongeka humo ndani ya ngiri. Kalafi hana kinyongo, na mikono yake ni mitulivu. Nakusihi.

Mwanao,
Seini

Vava'u, 16 Machi

Seini,

Hatujambo. Umejuaje kuwa mikono yake ni mitulivu? Nilimuuliza mama yako, akasema anakwenda kutazama chungu. Jikoni hapakuwa na chungu. Mnanificha nini?

Baba

Vava'u, 4 Aprili

Binti yangu,

Hukujibu. Alhamisi ngiri ilikataa kurudi, nikatapika, mama yako akanikokota hospitali. Kalafi akairudisha kwa mkono, kesho yake akanipasua. Sindano iliuma kidogo, kisha nikawa nasikia tu mtu anavuta, kama anapara samaki wa jirani.

Nikamwambia, "Kalafi, wewe na Seini mna nini?"

Muuguzi akakohoa. Kalafi hakuinua kichwa. "Nataka kumuoa, mzee. Tulijuana nikisoma Auckland. Anaogopa kukwambia."

"Kwa sababu ya mpaka?"

"Ndiyo. Baba aliusogeza. Nilikuwa na miaka tisa, nilimshikia kamba ya kupimia."

Seini, kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu wa nyumba ile aliyelitamka neno hilo. Huyu kalitamka na tumbo langu liko wazi mikononi mwake, na mkono haukutetemeka.

Kidonda kinapona. Maka bado simwamini, na mama yako nimemnunia. Lakini nataka nisikie kwako, si kwa daktari: unamtaka?

Baba yako,
Siosaia

Auckland, 10 Aprili

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Ninamtaka. Nimeshakata tiketi, nitafika Jumamosi, nikwambie mwenyewe ana kwa ana.

Mwanao,
Seini