Wachumba wa Nyumba Yetu

Ijumaa, 3 Oktoba 2025
Arusini kwa jirani. Jeilani alikuja kumwamkia Mama – meno yote nje, Bi Nana hivi, Bi Nana vile. Mama akayeyuka! Anamtaka mdogo wangu, Fahima. Binamu wa Jeilani, Taha, alisimama mlangoni kama msoma mita ya stima. Vijana wakamtania kwamba Fahima ana dada. Akajibu hajaona cha kutazama. Nami niko nyuma ya pazia! Mshenzi.

Jumapili, 5 Oktoba
Posa ya Fahima imeletwa. Mama kasema wazi: nyumba ni moja, mabinti wawili, atakayeolewa kwanza ndiye atakayepewa. Ndivyo tulivyo hapa Amu, kisiwani Lamu, mume ndiye anayehamia kwa mke. Jeilani kafurahi. Kafurahi mno. Mbona aliulizia paa kabla ya kuulizia siku ya nikaha? Akauliza pia kama maji yanafika juu! Fahima anasema nina wivu. Labda. Lakini mapenzi gani haya ya kuulizia maji?

Alhamisi, 9 Oktoba
Taha, gatini, akingoja boti ya Manda. Kanisalimu huku anatazama viatu vyake. Kisha: "Bi Huwaida, kabla ya nikaha muulizeni Jeilani nyumba ataifanyia nini." Basi! Akapanda boti. Namfahamu mtu wa aina hii. Anayemchimba nduguye ana lake jambo. Sikumwambia Mama.

Jumatatu, 13 Oktoba
Fahima kaniletea simu. Ukurasa wa kukodisha nyumba kwa watalii. Paa letu! Picha ambayo Fahima mwenyewe alimpigia Jeilani, kanga yake ya njano bado iko kwenye kamba. Karibuni kuanzia Disemba, eti. Nikaha haijafungwa, wageni wamekwisha kukaribishwa!

Mama karudisha pete na halua yote. Jeilani kapiga simu, anasema ilikuwa mipango ya maisha yao, tumemwelewa vibaya. Mama kakata. Fahima hataki tumwone akilia, kila mara anakwenda kunawa uso. Nilidhani nikiwa sahihi nitafurahi. Sifurahi hata kidogo.

Jumamosi, 18 Oktoba
Posa tena. Ya Taha. Yangu mimi!

Shangazi yake, Bi Hindu, yuko sebuleni na Mama sasa hivi. Mimi niko nyuma ya mlango na kalamu. Jeilani katolewa njiani, basi wa kwanza kuolewa ni mimi, na nyumba ni yangu. Nani aliyeanza kumchimba? Si huyu huyu ambaye hakuona cha kutazama?

Kwa hiyo asubuhi, tulipopata habari kwamba Bi Hindu anakuja, nilimwomba Mama aseme nyumba ni ya Fahima. Mama hasemi uongo. Kamwita wakili, kaifanya kweli kabla ya adhuhuri. Sina hata chumba. Anayenitaka atafute pa kuniweka.

Mama amesema: nyumba ni ya Fahima. Kikombe kimewekwa chini.

Bi Hindu: "Na Huwaida ayuwa?"

Mama anasema najua, ni mimi niliyetaka. Bi Hindu anacheka! Cheko la nini? Sasa anapekua mkoba, anasema hawezi kumjibia mwanamume mzima, atamwuliza Taha mwenyewe kama bado ananitaka. Kaweka simu kwenye spika, maana masikio yake mazito.

Inaita. Naomba akatae, nimjue alivyo, nipumzike.

Hapana. Siombi hivyo.

Inaita –