Polisi Wamenirudishia Bunduki, Sasa Sifa Zangu Nizipeleke Wapi?

Mpendwa mshauri Bi Sharifah, niache kwanza nipumue, maana nakuandikia nikiwa mtu huru, niko kwangu Al Twar, nimekunywa chai ya tangawizi na mikono yangu haina pingu, alhamdulillahi, lakini msaada wako bado nauomba kwa sababu balaa limeondoka na limeacha mkia.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huku Dubai sina haja ya kujitambulisha, ni msimamizi wa vijana wa kuhamisha samani, kabati la milango sita nimewahi kulishusha peke yangu kutoka ghorofa ya tisa, lifti imekufa, na kioo chake hakikupata hata mkwaruzo. Shule niliiacha mapema, mwalimu alikuwa hana jipya la kunifunza. Nimeoa watu wa Unguja waliokuja huku zamani, na mkwe wangu, marehemu Mzee Adib, aliniachia sanduku, na ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kanga, bunduki fupi. Kitako kimekatwa, mtutu hauzidi shubiri moja na nusu. Mwenyewe aliniambia kwa kinywa chake kwamba aliikata hivyo ili ifichike chini ya kanzu, na kwamba aliua chui nayo milimani Omani. Mimi nikamwongezea chui wa pili, kwa heshima ya marehemu. Barazani Al Muraqqabat, tunapokunywa kahawa siku za Ijumaa, jina langu ni Abu Bunduki, na kila harusi yetu wanaume wakicheza na silaha mkononi kama desturi ya huku, mimi ndiye niliyekuwa nikiingia nayo katikati, naizungusha, nairusha, watu wanakaa mbali kwa adabu.

Sasa mwaka jana kabati (jingine, la chuma) liliniangukia, goti likaumia na kifundo cha mkono kikalegea, na hospitali walinipa gongo lile lenye pete ya plastiki ya kukumbatia mkono chini ya kiwiko. Nilipopona nikaona, kwa akili yangu hii ya kuzaliwa, pete ile naweza kuifungua kwenye gongo nikaifunga kwa skrubu nyuma ya bunduki, ili harusi ya binti yangu Asila niizungushe kwa mkono mmoja bila kifundo kuchoka. Ikakaa vizuri kama imetoka kiwandani. Nikampigia simu ya video mpwa wangu Shihab, yuko Texas, anafanya kazi duka la silaha, nimwonyeshe ujuzi wa mjomba wake.

Badala ya kunisifu akasema, "Mjomba, geuza simu. Mtutu huo una urefu gani?"

"Shubiri moja na nusu."

"Na hicho ulichofunga nyuma?"

"Gongo la hospitali."

"Mjomba! Ni ya kweli hiyo?"

"Imeua chui wawili," nikamwambia.

Basi akanisomea. Kwamba kule Marekani serikali kuu ndiyo inayopima, bunduki ya kitako ikiwa mtutu wake haufiki inchi kumi na sita lazima isajiliwe serikali kuu, ukikutwa nayo bila usajili ni jela. Na bastola ukiitia kiegemeo cha kukumbatia mkono, kama hiki changu, basi serikali ilitoa kanuni kwamba nyingi zihesabiwe kuwa bunduki fupi nazo zisajiliwe, halafu mahakama zikaitupa kanuni ile, na watu bado wanashikana mashati. Nikamuuliza, "Kwa hiyo nikiitoa pete nimepona?" Akasema, "Texas, labda. Dubai sijui, mjomba, waulize polisi wa huko." Mimi, Bi Sharifah, nikasikia ile "nimepona" tu. Nikachukua bisibisi, nikang'oa pete, nikajiona mwanasheria.

Ijumaa ile nikaihadithia baraza yote, jinsi nilivyokuwa na silaha ya serikali kuu na jinsi nilivyoipunguza cheo kwa skrubu nne. Na pale, Mungu ameandika, alikuwepo Bwana Abdullatif, mjomba wake Nassor, na Nassor ndiye mchumba wa Asila, kijana mtulivu, anafanya kazi kliniki moja mtaa wa Oud Metha. Abdullatif akaweka kikombe chini, akasema, "Abu Bunduki, hapa petu hakuna cha mtutu mfupi wala mrefu. Silaha ni silaha, na sheria ni moja kwa falme zote. Kibali unacho?"

"Nimerithi," nikamwambia.

"Sikukuuliza umeipataje."

Kesho yake akanipigia: dada yake, Bi Huda, mama wa Nassor, amesema mwanawe haingii nyumba yenye silaha isiyo na kibali, harusi isimame mpaka jambo hilo liishe. Mshauri, mimi nimebeba majokofu mgongoni, lakini simu ile ilinikalisha chini. Asila alikuwa ameshachagua nguo. Mke wangu, Tufaha, alikuwa Unguja kwa dada yake aliyejifungua, na sikumwambia kitu, mwanamume hambabaishi mkewe kwenye simu. Nikafikiria kuitupa majini, Khor Dubai. Nikafikiria kuipeleka Mombasa kwa kagoo, na mizigo ya meli, ndani ya godoro. Nikafikiria kuipeleka kwa fundi akate vipande. Kila nikifikiria namwona Asila na nguo yake, na mimi nimefukuzwa nchini, natazama kutoka dirisha la ndege bila tiketi ya kurudi. Mwisho nikapiga simu polisi mwenyewe, kiume. Wakaniambia usiiguse, usitoke nayo, tunakuja.

Walikuja wawili, vijana wa Kiimarati, wapole kuliko nilivyotarajia. "Yalla, hajji, iko wapi?" Nikawaonyesha sanduku, na huku mkubwa wao anavaa glavu mimi namweleza habari ya chui, maana ulimi ukiogopa hausimami. Akaigeuza geuza. Akatazama mdomo wa mtutu kwa tochi. Akamwita mwenzake, wakatazama wote. Kisha akaniambia, "Hajji, mtutu huu hauna njia. Umezibwa tangu ulipotengenezwa. Hii ni ya kuchezea harusini. Huyo chui wako labda alikufa kwa kucheka."

Wakaichukua kuipima kwa uhakika, baadaye wakaniita, wakanirudishia na onyo nisitembee nayo barabarani watu wakashtuka. Mshauri, nilitoka pale naona hata jua la Agosti lina ubaridi. Nilinunua tikiti maji kubwa, nikalikumbatia njia nzima kama mtoto.

Tufaha aliporudi nikamhadithia. Akaangua kicheko mpaka akakaa. "Si ile baba aliyoinunua sokoni kwa harusi ya kaka? Mimi ndiye niliyeshika mfuko! Alikikata kitako kwa sababu kilimgonga kidevu akicheza."

"Na chui?"

"Chui gani? Baba alikuwa anaogopa paka."

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Nilidhani wajua, bwana. Nilidhani wapiga porojo kama yeye, nikawa nafurahi kumsikia tena."

Sasa ndio mkia wenyewe huu. Kabla Tufaha hajarudi, Abdullatif alinipigia kuuliza, nami nikamwambia, "Khalas, yamekwisha, nimewakabidhi polisi," na hilo si uongo, niliwakabidhi. Ila nikaongeza kwamba wamesema silaha ya namna ile hawajapata kuiona na huenda ikawekwa makumbusho. Basi Bi Huda amefurahi, amesema huyu ndiye baba wa kupeana naye wana, harusi imerudi pale pale, na Abdullatif anataka usiku wa harusi nisimame mbele ya wanaume nihadithie jinsi nilivyoisalimisha bunduki ya chui. Lakini Tufaha amekwisha mwambia Asila ukweli, na Asila amenifuata jikoni, amesema, "Baba, mimi siingii ukweni na uongo kwenye sanduku la nguo. Waambie wewe, au nitamwambia Nassor mimi." Nikinyamaza nampoteza binti, nikisema nalipoteza jina la miaka yote, na pengine ukweni wataona wamefanyiwa mchezo, harusi isimame tena. Jambo lenyewe limekwisha kwa salama, kwa nini lisibaki hivyo? Nishauri.

Ni mimi, Abu Bunduki (kwa sasa), Al Twar

*

Abu Bunduki, ndugu yangu,

Kabati la ghorofa ya tisa nimelipunguza nusu, chui nimewafuta wote wawili, lakini simu uliyowapigia polisi nimeiamini kama ulivyoiandika, na kwa hiyo nakupongeza. Ni jambo moja ulilolifanya bila kuliongezea kitu, na ona lilivyokufaa.

Sasa niache nikugombeze, maana huyo askari alikuhurumia. Ulidhani una silaha ya kweli nyumbani, na kitu cha kwanza ulichoshika ni bisibisi! Mpwa wako alikueleza sheria za kwao, akakwambia waulize polisi, wewe ukabeba nusu ya maneno. Wamarekani na wapime inchi zao na wabishane na mahakama zao kuhusu kiegemeo cha mkono, hayo hayavuki bahari kwa simu ya video. Huku ukirithi silaha na huna kibali, unatoa taarifa polisi. Huikati, huifungui, huibebi kwenye teksi. Na hilo godoro la kagoo, ndugu yangu, ungelala juu yake jela. Wasomaji mlio na sanduku la marehemu chini ya kitanda, nanyi mmesikia.

Tuje kwenye mkia. Asila ana haki, na wewe unajua, ndiyo maana hukuniuliza kama ana haki. Bi Huda hakuogopa bunduki yako tu. Aliogopa mtu anayekaa na jambo la hatari bila kulisema. Leo amekusifu kwa kusema, na sifa hiyo umeshaiwekea makumbusho juu yake. Akija kusikia kwingine, hatauliza kama ilikuwa ya kweli au ya kuchezea. Atauliza ni nini kingine unachomficha.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii, usingoje usiku wa harusi. Mwalike Abdullatif na dada yake kwako, Tufaha awepo, apike. Kiweke hicho kitu mezani, wakishike, waangalie mtutu wenyewe. Halafu hadithia. Hapo ndipo ninapokushangaa, mtu mwenye ulimi kama wako kuogopa kupoteza jina! Anzia gongo la hospitali. Usimruke mpwa, usiiruke bisibisi, na maneno ya askari yatoe kama alivyoyasema. Mimi nimekisoma kisa chako nikiwa peke yangu ofisini na nimecheka hadi mwenzangu akafungua mlango. Chui wako hajawahi kunifanyia hivyo. Baraza itakuita jina lile lile, ila sasa watasogea karibu badala ya kukaa mbali.

Ukimaliza, mpe Nassor kitu hicho. Kilikuwa cha baba wa mkeo, kiende kwa mume wa mjukuu wake, na wasimamizi wa ukumbi waulizwe kwanza kama kinaruhusiwa. Pete irudishe kwenye gongo, goti lako halijasahau lile kabati.

Na usiku wa harusi, bwana harusi atakapoirusha juu na kuidaka, piga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana pale ukumbini hakuna mwingine atakayejua kama wewe jinsi ilivyo nyepesi.

Bi Sharifah