Alama Ishirini na Nne

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Goti lako je, limeacha utundu? Mimi sijambo. Hilo "sijambo" usilimeze bado, nitalirudia huko chini.

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya benchi la useremala, maana kukaa siwezi. Nikikaa nainuka, nikiinuka natembea. Lakini mwandiko ni wangu, sikumwomba mtu. Kaka yako si wa mchezo.

Jumatatu nilikwenda zahanati kwa ajili ya mgongo. Nesi akanipima presha, kisha akatoa karatasi ya maswali tisa. Akasema siku hizi kila mgonjwa anaulizwa, hata wa mgongo. Nikamwambia nusu ya milango ya mji huu nimeitengeneza mimi, aulize tu. Akauliza kama wiki mbili hizi nakosa usingizi, kama kazi hainipi hamu, kama najiona si kitu. Kila jibu lina alama, sifuri mpaka tatu. Nikajua huu ni mtihani. Na mimi niliyeishia darasa la pili, nikaapa leo sifeli! Kila swali nikajibu "karibu kila siku", nikazoa tatu mara nane mfululizo. La mwisho tu nikasema hapana, akaandika sifuri.

Nikamuuliza kama kuna aliyenipita. Hakucheka. Akaniambia taratibu, babu, hapa mwenye alama nyingi ndiye anayeumwa zaidi. Nikafoka kwamba nilidanganya nipate alama, nikachukua kofia yangu huyo nikatoka. Akanifuata mpaka getini, akanisihi nirudi Alhamisi, na nije na ndugu.

Sasa sikia, mdogo wangu. Sikudanganya. Zile tatu zote ni za kweli, tangu tulipomzika wifi yako. Mlango wa mteja umelala hapa mwezi wa pili, randa sijaigusa. Uongo ni ile sifuri. Swali lilikuwa kama huwa nawaza ni heri nife. Niliona haya mbele ya binti mdogo vile. Nawaza. Kila siku.

Barua hii nampa dereva wa basi akufikishie leo hii, basi njoo kesho kwa gari la kwanza. Alhamisi tuingie wote, na nikianza ubishi wangu, unanijua, nishike mkono umwambie nesi arudie swali la tisa.

Wapwa zangu wasalimie, waambie mjomba anawawaza.

Ni mimi kaka yako, fundi milango. Lile "sijambo" la juu lifute wewe, mimi mkono umekataa.