Magamba ya Tilapia, Mizinga ya Sake

Jumatatu, 6 Januari 2025

Zimekufa tena. Seli zote. Nimezikuta zimejikunja duara, hata moja haijasogea.

Kosa ni la mwanga. Rangi ninayozitia inawaka kijani ukiimulika kwa taa ya bluu ya mikroskopi. Nikiwasha taa kwa nguvu, naziona vizuri na zinakufa. Nikipunguza, zinaishi na sizioni. Tangu kabla ya Noeli nahangaika na jambo hilo moja.

Angalau samaki wapo. Mama Léocadie wa sokoni ananiwekea tilapia ambaye hajakaa juani. Nalaza magamba yake kwenye kioo, na seli za ngozi zinatoka zenyewe, zinatambaa. Hazihitaji mashine ya joto. Ndiyo maana nilizichagua, kwa umeme wetu huu. Zikishatandaa nachora mkwaruzo katikati yao kwa ncha ya sindano, halafu nangoja zivuke na kuuziba, kama ngozi inavyoziba kidonda. Nataka filamu moja tu, safi, tangu mkwaruzo hadi kuzibika. Bila hiyo sina mémoire, tasnifu ya kumalizia chuo, na bila mémoire mama yangu kule Butembo ataendelea kuuliza nasomea nini hadi nizeeke.

Alhamisi, 9 Januari

Mwanga nimeupatia! Hafifu, taa inawaka na kuzima, seli zinapumzika kati. Zimeishi mchana kutwa.

Sasa picha inaruka. Seli zote zinakimbia kushoto pamoja, halafu zinarudi. Kompyuta inayochora njia ya kila seli imechora njia za walevi. Hakuna seli inayotembea hivyo.

Muzee Cyprien, mkubwa wa maabara, amesema ni Nyiragongo, volkano yetu, inapumua, niweke kitu laini chini ya mikroskopi. Kesho natafuta chambre à air ya gari, ule mpira wa ndani ya tairi.

Jumanne, 14 Januari

Chambre à air chini, bamba la jiwe la volkano juu yake, mikroskopi juu ya jiwe. Nimevunjika mgongo kulibeba. Picha bado inaruka.

Rodrigue, tunayegawana naye chumba cha maabara, yeye na mbu wake wa utafiti, ameweka kiganja mezani, akakiacha hapo hadi mtikisiko ulipotulia. Kisha akasema: "Hii si mulima, dada. Mulima haupumziki. Hawa wanapumzika saa ya kula."

Ni mizinga ya vita, upande wa mji wa Sake. Masikio yetu hayakusikia kitu, lakini seli zangu zilikuwa zinatikisika.

Mama yake Rodrigue anakaa Sake. Amempigia simu. Mama amesema hajambo, amebandika maharage, asimsumbue. Simu ikakatika.

Nilitaka kumwambia pole. Kilichotoka mdomoni ni: basi tupige filamu saa zao za kula. Rodrigue ameniangalia, akarudi kwa mbu wake.

Ijumaa, 17 Januari

Mchana, walipotulia, nimepata nusu ya filamu. Nusu nzuri ajabu. Umeme ukaenda.

Nimepiga teke chambre à air. Vidole vya mguu vinauma.

Jumatatu, 20 Januari

Leo amekuja Mama Clotilde, muuguzi wa kituo cha wakimbizi kule Mugunga. Anataka mikroskopi yangu. Si yangu, ni ya maabara, lakini nani mwingine anaigusa?

Amemweleza Muzee kwamba kambini watu wanakohoa hema hadi hema. Makohozi yakitiwa rangi fulani, vijidudu vya kifua kikuu vinawaka chini ya taa ya bluu kama hii, na kwa saa moja anasoma kazi ya siku nzima. Mikroskopi yake ina taa ya kawaida. Macho yake yamechoka.

Nimesema hapana. Nimesema nimebakiza wiki moja, kwamba mikroskopi ikibebwa kwenye barabara ile itarudi vipande. Nimesema mengi. Kweli yote, lakini nilikuwa nayasema kwa haraka.

Mama Clotilde hakupandisha sauti. Ameniuliza: "Seli zako zikiziba hicho kidonda, ni kidonda cha nani?"

"Cha samaki," nimejibu. Sikuwa natania. Hakucheka.

Muzee ameamua: nikae nayo hadi Ijumaa, halafu iende Mugunga. Nina hasira naye, na naye Mama Clotilde, na hasira zaidi kwa sababu siwezi kusema amekosea wapi.

Alhamisi, 23 Januari

Hakuna filamu. Picha haitulii hata saa ya kula. Sasa tunasikia kwa masikio, vioo vya dirisha vinalia.

Mtaa wote wa Keshero umejaa watu wa kutoka barabara ya Sake. Magodoro kichwani, mbuzi, watoto wamefungwa kwa vitenge wawili wawili. Nimepita katikati yao na mfuko wangu wa magamba. Mama mmoja ameniuliza kama nauza samaki. Nimesema ni magamba tu. Ameuliza ya nini, nami nimeongeza mwendo.

Rodrigue hakuja. Amekwenda barabarani kumtafuta mama yake.

Jumamosi, 25 Januari

Umeme hakuna, maji hakuna, simu hakuna. Jana hakuna aliyekuja kuchukua mikroskopi. Wanasema kambi za Mugunga zimebaki maturubai tu, watu wote wamekimbilia mjini.

Rodrigue amerudi. Amemkuta mama yake kwenye uwanja wa parokia, amekalia sufuria yake. Maharage aliyokimbia nayo aliyala njiani na watu asiowajua. Rodrigue amenisimulia hayo huku akifuta meza ambayo haikuwa chafu. Safari hii nimemwambia pole, na nimemshika mkono.

Batri moja ya maabara imebaki na moto wa kuwasha taa. Nimelaza magamba tena. Sijui kwa nini. Ubishi wa Kinande, wa kabila letu, baba angesema.

Jumapili, 26 Januari

Hakuna misa. Risasi zimeanza upande wa Kibati, sasa ni pande zote. Mimi na Rodrigue tumefungiwa hapa maabara, kurudi nyumbani haiwezekani.

Mchana kukatulia kidogo. Nimechora mkwaruzo, nimewasha taa kwa batri. Zikatembea! Kila seli imetandaza ukingo wake mbele kama feni, inavuta mwili nyuma yake. Picha imetulia. Kompyuta inachora njia nyembamba, zote zinaelekea pengo. Nusu ya pengo ilikuwa imezibika.

Mlango ukagongwa. Mama Clotilde, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni, sanduku la vioo kifuani. Makohozi ya watu wake, ameyatia rangi jana akiwa peke yake kituoni. Akasema rangi inafifia, hadi kesho hakutakuwa na cha kuona.

Rodrigue ameangalia batri, akaniangalia mimi. Taa haitoshi kwa kazi zote mbili.

Nimeitazama filamu yangu kwa muda ambao sitaki kuuandika. Kisha nimeisimamisha. Nimeondoa kioo cha samaki, nimeweka kioo cha kwanza cha makohozi.

Tumesoma kwa zamu, mimi na Mama Clotilde. Kioo cheusi, cheusi, cheusi. Halafu vijiti vya njano, vingi, vinang'aa: kifua kikuu. Pembeni ya kioo, kwa kalamu ya risasi: Nyirarukundo, na namba ya hema.

Mama Clotilde anamfahamu. Ananyonyesha, anasema. Hema moja na dada zake na watoto wao wote.

Nimeuliza, yuko wapi sasa?

"Juzi ningekujibu," amesema.

Anafunga viatu. Anataka kuanzia parokiani, halafu shule baada ya shule, kila mahali watu wamelala. Rodrigue anamwambia barabara haipitiki, wanapiga risasi hadi kwenye rond-point, pale mzunguko wa barabara. Mama Clotilde anasema atapita nyuma ya nyumba. Rodrigue amesimama mlangoni, na sijui kama anamzuia au anajitayarisha kwenda naye.

Taa ya batri imeanza kuwa nyekundu, moto unaisha. Nimemwambia Mama Clotilde angoje nimalize vioo vilivyobaki, asije akatoka na jina moja tu.